Mwaka Niliomtoa Zamzam kwenye Biblia

Kosa langu nalitaja mwanzoni, ili msomaji aamue mapema kama anaendelea nami au ananiacha hapa. Mwaka wa sabini na nne nilimtoa mwanafunzi bora wa Biblia katika shule nzima, tena msichana wa Kiislamu, nikampeleka kwenye Uchumi, somo ambalo mwalimu wake hakuna aliyejua alipo. Nilifanya hivyo kwa kujiamini kabisa. Sikuwa mwalimu, sikuwa mwanasheria, na katika mtihani wangu mwenyewe wa kidato cha nne Hesabu walinipa tisa, alama ya mwisho kabisa; waliosoma zama zetu wanajua kwamba tisa haikuwa alama ya kumwonyesha mgeni. Lakini nilikuwa nimesikia jambo kupitia pazia, na mtu aliyesikia jambo kupitia pazia huamini amelisikia vizuri kuliko waliokaa sebuleni.

Tulimzika Zamzam mwezi uliopita, kwao Koboko. Mimi ni mtu wa nyumbani. Dunia yangu inaanzia kwenye cherehani inaishia kibarazani, na soko la Arua nalihesabu kuwa ughaibuni. Kwenda Koboko kwangu ni safari ya kuagana na watu na kuacha wosia. Kwa Zamzam lakini ningekwenda hata kwa magoti, ambayo hayakubali tena. Nikakaa siku tatu kwenye mkeka wa wanawake, na katika siku hizo nilifanya mambo mawili tu: nilikula kuwashinda wafiwa, na nilikumbuka ule mwaka mmoja.

Alikuja kukaa kwetu Arua mwanzoni mwa mwaka huo, kwa sababu shangazi yake na mama yangu waliwahi kuwa marafiki wa kusukana nywele, na kwetu urafiki wa namna hiyo una nguvu kuliko hati ya serikali. Alifika na sanduku la bati, jogoo aliyefungwa miguu, na matokeo yake ya kidato cha nne yamekunjwa ndani ya soksi. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Jogoo alikuwa mzee. Mimi nilikuwa nimemaliza shule mwaka mmoja kabla, nikishona mashuka na kanzu za watu, na nikapewa kazi ya kumpokea. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili na cherehani katikati, kama hakimu kati ya wagomvi. Mlango haukuwepo, palikuwa na pazia la maua mekundu, na nyuma ya pazia sebule, ambamo Mama alipokea kila aliyepita njia. Dari pia haikuwepo. Mtu akikohoa sebuleni, sisi chumbani tulimwambia pole.

Usiku wa kwanza nilimuuliza anataka kuwa nani. Akasema, "Wakili." Akalisema kama mtu anayetaja jina la ukoo wake. Nikacheka, maana sikuwahi kumwona mwanamke wakili, na hao mawakili wanaume wenyewe miaka ile walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, kwa hofu ya askari. Ndipo akanisimulia. Mama yake alikuwa na kesi ya shamba, upande wa Dranya. Hakimu alikuja Koboko mara moja kwa mwezi, na alikuwa hajui Kikakwa, hivyo alikuja na mkalimani. Mama yake akasimama akaeleza mpaka unapita wapi, nani alipanda mti upi, nani kazikwa pembeni mwa jiwe lipi. Aliongea nusu saa, na hakutukana mtu. Alipomaliza, mkalimani akamgeukia hakimu akasema maneno mawili ya Kiingereza, na maana yake ilikuwa, "Anakataa tu." Hakimu akaandika. Shamba likaenda.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," Zamzam akasema, "na Kiingereza nilichokijua kilinitosha kusikia hayo mawili."

Kwa hiyo njia ilikuwa wazi: vidato viwili zaidi, masomo matatu makuu, alama za juu, kisha Chuo Kikuu Kampala, Kitivo cha Sheria, ambacho kilichukua wachache na kiliwachukua kwa alama. Alichagua Historia, Fasihi ya Kiingereza na Diviniti, kama lilivyoitwa wakati ule somo la Biblia. Mitaani kwetu jambo hilo lilizua maneno. Binti wa Kiislamu na Injili wapi na wapi? Jirani mmoja alimjia Mama na sura ya msiba kabisa. Zamzam akajibu kabla ya Mama, kwa heshima, macho chini: "Mama, siendi kubatizwa. Naenda kutafuta A." Mama akafikiri kidogo, kisha akatoa hukumu: Msahafu ukae juu ya kabati, Biblia ikae chini, kwenye kapu la vitambaa, na vyote viwili vikae mbali na mafuta ya taa. Basi ikaisha.

Nyuma ya uzio wetu wa matete alikaa Mama Ayikoru, Mlugbara wa Manibe aliyeolewa mjini, Mkatoliki wa kila Jumapili. Alitwanga mihogo mikavu mchana, na Zamzam alisoma kwa sauti mchana, na muda si mrefu mchi ukawa unasimama kila Zamzam anapomfikia nabii Amosi, pale anapowakaripia waamuzi wanaokula rushwa na kuwasukuma maskini mlangoni. "Rudia hapo kwa waamuzi!" angepaza sauti. Zamzam angerudia. "Ehee. Sasa mimi natwanga." Siku moja alichungulia juu ya uzio akaniambia, "Huyu mutoto nasoma kushinda katekista yetu. Katekista nasoma kama mutu nakimbia mbwa. Lakini huyu nasoma pole, mpaka mimi nasikia aibu, na mimi sikuiba kitu."

Sasa niseme habari za Bwana Swale. Huyu alikuwa karani wa mahakama, mtu mwenye suruali yenye mstari wa pasi na kalamu mbili mfukoni mwa shati, nyekundu na ya buluu. Alikuwa akifika kwetu saa nne za asubuhi, wakati wa chai ya ofisini, Zamzam akiwa shule. Nilidhani anakuja kwa ajili yangu. Nilikuwa nikipaka wanja saa tatu na nusu. Ilinichukua miezi mingi kutambua kwamba anakuja kwa ajili ya gurusa za Mama, zile chapati nyepesi kama shuka, ambazo alikunja nne nne akachovya kwenye mchuzi huku akitoa maoni kuhusu kila kitu duniani. Alijisifu kusema lugha tano, na ni kweli alizisema zote, kwa ufupi.

Asubuhi moja Mama akamwambia kwamba kuna binti ndani anayetaka kusomea sheria. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mguu juu ya pedali ya cherehani, haukanyagi.

"Anasoma nini?"

"Historia, na Kiingereza, na ile ya Biblia."

Nikasikia kikombe kinawekwa chini. "Biblia? Mama yangu, sheria si kanisa. Sheria sasa hivi ni biashara, mikataba, ushuru. Pale Kampala wakiona Diviniti kwenye fomu wanamtuma akawe sista. Sheria inataka somo zito. Uchumi! Mwambie achukue Uchumi." Halafu, baada ya kumeza: "Hii gurusa imebaki moja tu?"

Hebu nijitetee kwa sentensi moja. Mtu huyu alifanya kazi mahakamani, na sisi tulidhani aliyekaa karibu na sheria anaijua sheria, kama vile ungedhani mlinzi wa hospitali anaweza kukupasua. Lakini hilo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba Zamzam alikuwa akirudi jioni na maneno mapya, na mimi nilikuwa na uzi. Nilitaka siku moja na mimi niwe na jambo la kumfundisha. Kwa hiyo alipoingia jioni ile sikusema, "Karani fulani amesema." Nilisema, "Dada, nimefikiri sana kuhusu masomo yako."

Tulikula wali kidogo na angara, yule samaki mkavu ambaye harufu yake hufika kabla yake, na mimi nikahutubia. Sheria ni biashara. Mikataba. Ushuru. Wakiona Diviniti watamtuma akawe sista. Niliyasema yote kama yalivyo, hata mtuo wa pale kikombe kilipowekwa chini niliuweka. Zamzam akabishana: alikuwa wa kwanza katika Diviniti, mwalimu wake alimtegemea. Nikamwambia, na hili nalikumbuka kuliko yote, "Kuwa wa kwanza katika somo jepesi si kitu. Afadhali kuwa wa kumi katika zito." Akaninyofolea mgongo wa samaki akauweka kwenye sahani yangu, kama mwanafunzi anavyomfanyia mwalimu. Nilikula. Wiki ile ile akahama somo.

Uchumi wa mwaka huo shuleni kwao ulikuwa hivi. Mwalimu aliyeufundisha alikuwa ameondoka nchini, kama wengi walivyoondoka, na nafasi yake akapewa mwalimu wa Jiografia, mtu mwema, ambaye alikuwa sura moja mbele ya wanafunzi wake, na wiki nyingine sura moja nyuma. Alichora ubaoni mstari wa mahitaji na mstari wa bidhaa, na wanafunzi walitakiwa waonyeshe mistari inapokutana. Arua nzima wakati huo ilikuwa inatafuta sukari. Chumvi tulipima kwa kijiko. Sabuni niliikata kwa uzi wa cherehani. Zamzam angekaa kitandani na daftari lake akaniuliza, "Mariamu, hii mistari inakutana wapi?" na mimi, mshauri mkuu, ningejibu kwamba bila shaka inakutana Kampala. Kusoma kwa sauti kulikwisha. Uchumi hausomeki kwa sauti. Nyuma ya uzio mchi uligonga mfululizo, bila kusimama, na siku moja Mama Ayikoru akauliza, "Ule mutu ya waamuzi alikufa?" Nikamwambia Zamzam amebadilisha somo. "Nani nambadilisha?" Nikajifanya nimeitwa ndani.

Matokeo ya mtihani wa mwisho wa mwaka yalipotoka, Historia alipata A, Fasihi B. Uchumi alipata E, na E yenyewe aliyepewa alijua kuwa ni huruma. Hakulia. Aliingia chumbani, akaivua sare ya shule, akaikunja vizuri mno, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu, akasema, "Kwa hiyo sheria imekwenda." Sheria ilichukua wenye herufi tatu nzuri, na yeye alikuwa na mbili na kitu kingine. Angeweza kuendelea kidato cha sita na Uchumi wake, akapata ualimu au kazi ya ofisi, maisha ya heshima tu. Alikuwa anaongea nami kwa upole, na upole ule ndio ulionishinda. Laiti angenitukana! Nikamwambia kila kitu: pazia, kikombe, gurusa. Nikamwambia kwamba lile halikuwa wazo langu, lilikuwa la karani.

"Karani gani?"

"Bwana Swale. Yule wa mahakama, wa lugha tano."

"Ana kalamu mbili hapa?" Akagusa kifua chake. "Nyekundu na buluu?"

"Ndiye huyo huyo. Umemwona wapi?"

Zamzam akaketi juu ya mguu wa cherehani, mahali ambapo hakuna anayeketi. "Ndiye aliyesema, 'Anakataa tu.'"

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na nimeona mambo, mengine ya kutisha. Lakini sijapata tena kuwa mdogo kama nilivyokuwa mdogo pale kitandani. Mtu yule alikuwa ameyafupisha maneno ya mama yake akampotezea shamba. Na mimi, kwa hiari yangu, nikamkaribisha afupishe na maisha ya binti. Bwana Swale hakukusudia ubaya mara zote mbili, hilo nalisema kwa haki yake. Alikuwa mtu wa majibu mafupi, na chai ilikuwa inapoa.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo Mama alilisimulia kwa wageni kwa miaka: nilitoka nyumbani bila kutumwa. Nilimshika Zamzam mkono tukaenda mpaka kwa mwalimu wake wa Diviniti, Mwalimu Draku, mzee mwembamba aliyekuwa akimenya karanga kwenye ungo mlangoni pake. Nikakiri mbele yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akipuliza maganda. Kisha akasema, "Binti, Kitivo cha Sheria hakiangalii jina la somo. Wanaangalia herufi iliyo mbele ya jina. Angeleta A ya kufuma vikapu, kama ingekuwa somo, wangempisha. Na kama unataka kujua somo gani linamfundisha mtu uwakili," akamnyooshea Zamzam kiganja cha karanga, "ni lile analolipenda mpaka analisoma mara mbili."

Kwa msaada wake mkuu wa shule akakubali, lakini kwa sharti: Diviniti haiwezi kuanzwa katikati. Zamzam arudie kidato cha tano chote. Mwaka mzima. Tulipofika kwenye uzio wa matete nilimwambia kwamba mwaka mmoja ni mwingi, pengine aendelee tu. Alisimama akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Mariamu, wewe bado unanishauri?" Akaingia ndani, akatoa Biblia chini ya vitambaa, akapangusa pamba iliyoganda kwenye jalada. Alasiri hiyo nilisikia mchi wa Mama Ayikoru ukisimama.

Yaliyobaki ni mafupi, ingawa si mepesi. Alirudia. Alipata A mbili na B, Kitivo cha Sheria kikamchukua, na siku jina lake lilipotoka Mama alichinja yule jogoo, ambaye kwa maajabu ya Mungu alikuwa bado hai, na hakutafunika. Alisoma sheria miaka miwili. Wa tatu, wa mwisho, hakuusoma. Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilifika Kampala, rais akaangushwa, na kwa kuwa alikuwa wa upande wetu, mtu aliyetoka kwetu hakuwa na usalama huko. Sote tukavuka mpaka, wengine Zaire, wengine Sudan. Mimi mtu wa nyumbani nilitembea siku mbili na kichwa cha cherehani juu ya kichwa changu. Wasichana walioanza naye kidato cha tano mara ya kwanza walikuwa wameshafanya mtihani wao wa mwisho wa chuo majuma machache kabla. Yeye alibakiza mwaka mmoja. Hesabu nilipata tisa, lakini hiyo ya kutoa mwaka mmoja kwa mwaka mmoja nimeifanya kila siku tangu wakati huo, na jibu ni lile lile.

Tuliporudi, miaka ikapita, watoto wakaja, chuo kikawa mbali. Zamzam akawa mkalimani wa mahakama Koboko. Ndiyo, mkalimani. Mahakimu walimlalamikia kwamba anachelewesha kesi. Mwanamke wa Lobule akiongea nusu saa, Zamzam naye alitafsiri nusu saa, na mti, na jiwe, na nani kazikwa wapi. Hakimu mmoja alimwambia, "Fupisha." Akajibu, "Mheshimiwa, yeye hakufupisha." Hili hakunisimulia yeye. Nililisikia siku ya tatu ya matanga, kutoka kwa wanawake nisiowajua, mmoja baada ya mwingine, waliotoka vijijini kwa miguu na kwa baiskeli, kila mmoja na kesi yake, kila mmoja akirudia maneno yake yote, kwa sababu aliwahi kuwa na mtu aliyeyabeba yote.

Mimi na Mama Ayikoru tulikuwa tumesafiri pamoja kutoka Arua, yeye na fimbo yake, mimi na magoti yangu. Nilimwegemea nikaanza kulia kwa sauti. Nikamweleza habari za pazia na karani na ule mwaka, kwamba bila mdomo wangu Zamzam angekufa akiwa wakili, kwamba ni mimi, ni mimi niliyemnyang'anya joho. Nililieleza kwa urefu. Wanawake wengine walinyamaza kunisikiliza, na nakiri kwamba nililia vizuri zaidi walipoanza kusikiliza. Mlangoni wafiwa wapya walikuwa wamesimama na viatu mkononi, wakitafuta mahali pa kukaa. Mama Ayikoru akangoja nimalize. Kisha akanigusa goti kwa fimbo.

"Mariamu, hii kilio si ya wewe," akasema. "Sogea, watu iko nataka kukaa."